Kwa baiskeli hadi ukingo wa Kerio, na shilingi 1,500 zilizopotea njia

Kila Jumamosi saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kabla matatu hazijaanza kupigiana honi, sisi watano wa ofisi ya Eldoret huwa tunakutana kwenye kituo cha mafuta upande wa barabara ya Iten. Mmoja wetu huchelewa, na ni yule yule kila wiki. Baiskeli zetu ni za mtumba, zile za tairi nyembamba, na kila moja ina historia yake ya fundi na viraka. Tumezoea kuwaandikia hapa kuhusu PIN, mawakala na ujumbe wa matapeli. Leo tunatoka nje ya mji kwanza. Pesa tutazifikia tukiwa njiani, kama tulivyozifikia siku yenyewe.

Ukitaka kuendesha baiskeli Eldoret kwa raha, jambo la kwanza ni kuikimbia barabara kuu ya Nairobi kwenda Malaba. Trela za Uganda zimepungua kidogo mjini tangu barabara ya mchepuko ya kilomita 32, ile ya Cheplaskei hadi Leseru, ilipofunguliwa, lakini zilizobaki zinatosha kukutoa roho. Sisi tunaelekea kaskazini mashariki. Unapita kinamasi cha Marura, unapita Chuo Kikuu cha Eldoret, halafu mji unaisha ghafla. Kushoto unaliona jabali la Sergoit limekaa peke yake katikati ya mashamba. Kuanzia hapo unaweza kubaki kwenye lami hadi Iten, ama ukate kona uingie njia za marramu zinazopita katikati ya mashamba ya mahindi na ngano. Humo ndani gari linaweza kukosekana nusu saa nzima. Unasikia cheni yako, ng'ombe, na wakimbiaji wanaokupita kwenye kilima huku wakipiga gumzo.

Tena si wakimbiaji tu. Kuna wauza maziwa wenye Black Mamba, baiskeli ya chuma isiyo na gia, mitungi miwili imefungwa nyuma kwa mpira wa tyubu. Hao nao wametupita. Tumeamua kutolizungumzia sana jambo hilo.

Huko Uholanzi na Uingereza watu wana njia za baiskeli kando ya mifereji iliyochimbwa kwa ajili ya mashua, tambarare kama meza. Hapa kwetu hakuna mfereji wa mashua. Mifereji tuliyo nayo ukanda huu ni ya Wamarakwet, iliyochimbwa tangu kabla ya wakoloni kufika, inayotoa maji kwenye mito ya ukuta wa Bonde la Kerio na kuyateremsha hadi mashamba ya chini, upande wa Tot na Sibou. Kila ukoo una mfereji wake na zamu yake ya maji, na mfereji ukibomoka wenyewe wanatoka kuutengeneza. Kuna mahali umeshikiliwa kwenye mwamba kwa mawe na magogo tu. Baiskeli ya tairi nyembamba haina kazi kule, na upande huo wa bonde umekuwa na mashambulizi ya wezi wa mifugo, kwa hivyo usiende kabla ya kuuliza wenyeji hali ilivyo wiki hiyo. Lakini ukisimama juu ukingoni ukaangalia chini, ni vizuri kujua kwamba ule mstari wa kijani kwenye ukame ulichorwa na watu wenye majembe ya mti.

Tunaopenda baiskeli sehemu hizi pia tuna watu wetu, hata kama televisheni inawajua wakimbiaji peke yao. Timu ya Kenyan Riders ilikuwa na makao Iten. Suleiman Kangangi aliyetoka kwenye timu hiyo alimaliza wa tatu katika Tour du Rwanda ya mwaka 2017, na baadaye akawa nahodha wa Team Amani. Tarehe 27 Agosti 2022 alianguka kwenye mashindano ya njia za changarawe huko Vermont, Marekani, akafariki akiwa na miaka 33. Septemba 2025 mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani yalifanyika Kigali, mara ya kwanza kuja Afrika. Siku hizo ofisini kwetu kazi ilienda pole pole, tukiri tu.

Sasa tufike kwenye ile Jumamosi ya Januari.

Kutoka Eldoret, kama mita 2,100 juu ya bahari, hadi Iten, kama mita 2,400, ni kilomita 35 hivi za kupanda kidogo kidogo. Iten tulikunywa chai na mandazi, tukalipa kwa tili, na wawili wakarudi mjini kwa sababu walikuwa na harusi. Sisi watatu tukasema, hebu tushuke hadi Tambach tuone maembe, halafu tupande tena. Barabara hiyo inashuka kwenye ukuta wa bonde kwa kona kali. Ukiifuata hadi chini kabisa umeteremka zaidi ya mita elfu moja, na joto unalikuta limekusubiri. Ni mteremko mtamu. Ni mtamu hadi unasahau kwamba kwenye kona lori likikata ndani huwa linaacha changarawe juu ya lami.

Mwenzetu aliyekuwa mbele aliikuta hiyo changarawe. Tulimkuta ameketi kando ya barabara, ameshika mkono wa kulia kwa mkono wa kushoto, uso umekuwa wa kijivu. Helmeti ilikuwa imepasuka, kichwa kizima. Alituambia kwa sauti ya utulivu kabisa kwamba amesikia kitu kimelia kama kijiti. Ulikuwa ni mfupa wa mtulinga.

Kusubiri gari la wagonjwa, ama kusimamisha la kwanza linalopita? Tulisimamisha. Lilikuwa pikapu linalopanda na makreti ya maembe, mzee mmoja usukani na kijana wake nyuma. Mzee alishuka, akaangalia bega, akasema atatupeleka hospitali Iten pamoja na baiskeli zetu. Ila kwanza tumpe 1,500 ya mafuta, maana gari lilikuwa linaonyesha sufuri na alikuwa amepanga kununua baada ya kuuza mzigo. Kuna muuza petroli ya chupa hapo kona ya juu, akasema, na huyo hakopeshi mtu.

Bei ilikuwa ya haki. Mzee akatutajia namba yake, harakaraka, kama mtu aliyeitaja mara elfu. Sisi, wafanyakazi wa kampuni ya pesa za simu, ambao tumesimama mbele ya wateja sokoni na kanisani tukiwafundisha kutuma pesa, tukaandika tarakimu moja vibaya.

Na jina lilitokea. Hili ndilo linalotuuma. Kabla hujaweka PIN, skrini inakuonyesha jina la mwenye laini. Jina lilikuwa la mwanamke. Tuliliona wote wawili, na hatukuuliza. Tulijiambia ni laini ya mama watoto, kwa sababu hapa kwetu wazee wengi wanatumia laini iliyosajiliwa kwa jina la mke ama la mtoto aliye na kitambulisho karibu. Ni kawaida, na ni kawaida hiyo hiyo iliyotufumba macho. Tukaweka PIN. Pesa zikaenda.

"Haijaingia," mzee akasema.

Tukamwonyesha ujumbe kwenye simu yetu: umetuma shilingi 1,500. Hakuuangalia hata mara mbili. "Kijana, mimi nasoma simu yangu. Kwa simu yako siwezi kusoma mafuta." Vijana walishamwonyesha ujumbe kama huo sokoni, wakabeba maembe, na pesa hazikuja hadi leo. Tulitaka kukasirika, lakini alikuwa anafanya kitu kile kile tunachowaambia nyinyi kila mwezi: ujumbe ulio kwenye simu ya mnunuzi si malipo. Malipo ni yale yaliyoingia kwako, ukaangalia salio wewe mwenyewe. Tukasoma namba upya, safari hii yeye akiangalia, tukaona kosa.

Salio letu lilikuwa limebaki 340. Huwa hatubebi pesa nyingi kwenye simu tukienda baiskeli, na huo ni ushauri wetu wenyewe. Mwenzangu wa pili simu yake ilikuwa imezima, chaji imeliwa na programu ya kupima kilomita. Noti mfukoni? Mia mbili.

Aliyekuwa na pesa ni yule aliyevunjika. Simu yake ilikuwa mfuko wa nyuma wa jezi, kioo kimepata ufa lakini inawaka. Na hapo tutasema ukweli: mmoja wetu alifungua mdomo kumwomba PIN. Jua linawaka, mtu ana maumivu, mzee anaangalia saa, maembe yanaiva. Ni sekunde kama hizo ambapo watu hupeana namba za siri, na wanaopeana si wajinga.

"Leteni simu niweke mwenyewe," akasema.

Tukamshikia simu. Akaandika namba kwa kidole gumba cha mkono wa kushoto, pole pole, akasimama kwenye jina. "Mzee, unaitwa nani?" Mzee akataja jina lake. Likafanana. Akaweka PIN sisi tukiwa tumeangalia upande wa bonde. Simu ya mzee ikalia mfukoni, akavaa miwani, akasoma, akafungua mlango wa mbele.

Mfupa ulifungwa Iten siku hiyo hiyo. Lakini hebu turudi kwenye zile 1,500, kwa sababu hapa ndipo tulipokosea mara ya pili. Tulituma ombi la kurudishiwa pesa tukiwa tayari tumeketi hospitalini, kama dakika 50 baadaye. Tungeweza kulituma tukiwa nyuma ya pikapu katikati ya makreti, mtandao ulikuwepo. Ombi la namna hiyo linazuia kile kilicho bado kwenye akaunti ya aliyepokea. Kilichokwisha kutolewa kwa wakala ama kutumika hatuwezi kukinyakua. Tulikuta 900 zimebaki, zikazuiwa, na baada ya mwenye laini kuulizwa zikarudi. Mia sita zilikuwa zimeshaenda. Hatukupewa upendeleo wowote kwa kufanya kazi hapa, na ndivyo inavyopaswa kuwa.

Hatukumpigia yule mama. Tunajua wateja wengi hupiga mara moja, kwa ukali, na mara nyingi simu inazimwa. Na kuna upande wa pili wa kuangalia: kama ni wewe unayepigiwa na mtu asiyemjua akidai ametuma kwako kwa makosa, usimrudishie kwa mkono wako. Angalia salio lako kwanza, maana ule ujumbe aliokutumia unaweza kuwa wa kutungwa. Kama pesa kweli ziko, mwambie apeleke ombi kwetu, uidhinishe, yaishe. Mwenye shida ya kweli hawezi kukataa njia hiyo.

Tangu siku hiyo tumebadilisha vitu vichache. Kila mmoja anabeba noti za shilingi 500, zimekunjwa ndani ya kifuko cha tyubu ya akiba. Ndiyo, sisi kampuni ya pesa za simu tunawaambia mbebe noti, kwa sababu kwenye kona zingine za ule ukuta mtandao unakuja na kuondoka kama mbuzi. Programu ya kilomita inatumika kwenye simu moja tu, ya yule anayependa kujisifu. Laini zetu zote zimewekwa PIN ya laini, ile inayoulizwa simu ikizimwa na kuwashwa, ili simu ikianguka kwenye nyasi mtu asiitoe laini na kuihamishia kwenye simu yake. Na namba ya jamaa wa karibu iko kwenye skrini iliyofungwa, pamoja na 1199 ya Msalaba Mwekundu.

Jina likitokea si letu, tunasimama na kuuliza kwa sauti: mzee, mama, hii laini ni ya nani? Hakuna aliyewahi kukasirika. Mama wa mandazi pale Iten alicheka, akasema laini ni ya kijana wake aliye Kidato cha Nne na amechoka kuelezea.

Kama unataka kuanza, usianzie Tambach. Anza na barabara ya Kaptagat kupitia Naiberi, asubuhi ya Jumapili, msitu ukiwa bado na ukungu, urudi kabla ya saa nne. Baiskeli ya mtumba usilipie arbuni kwa picha ya mtandaoni. Nenda uipande, uzungushe gia, upige breki, ndipo ulipe, na jina likitokea ulisome.

Mwenzetu alirudi barabarani mwezi wa Aprili. Anapanda kama zamani, lakini kwenye miteremko anashuka ameshika breki zote mbili na tunamsubiri chini. Mzee wa maembe tumehifadhi namba yake kwa jina hilo hilo, Mzee wa Maembe. Juzi alituma ujumbe kuuliza kama bega limepona, na kama tunajua mtu Eldoret anayetaka makreti kumi.