Kabla ya Kukabidhi Jicho: Tuwajue Wanaotupasua

Wazee wawili wa msikiti wetu walikuwa wakisimama safu ya kwanza, bega kwa bega, kwa miaka mingi. Macho yao yalianza kufifia katika kipindi kimoja. Leo mmoja amerejea kusoma msahafu wake baada ya sala ya Alfajiri. Mwingine huongozwa na mjukuu wake hadi mlangoni, na madaktari wamekwisha kutuambia kwamba nuru iliyopotea haitarudi. Fedha, umri wala ukaidi havikuwatofautisha. Maradhi yao hayakuwa mamoja, nasi tuliokuwa tukiwashauri hatukulijua hilo.

Tunalieleza jambo hili kwa kuwa sehemu ya kosa ni yetu. Kamati ilipopata habari kwamba kambi ya upasuaji wa mtoto wa jicho itafika mtaani, tuliandika majina ya wazee wote waliolalamika kuwa hawaoni vizuri. Mzee huyo wa pili alikuwa ameazimia kwenda hospitali wiki ile ile. Tukamwambia, "Subiri mzee wetu, madaktari wanakuja, usipoteze nauli bure." Kambi ikaahirishwa mara mbili, miezi saba ikapita. Hatimaye alipoketi mbele ya daktari, ilibainika kuwa hakuwa na mtoto wa jicho. Alikuwa na presha ya macho, maradhi yanayoula mshipa wa fahamu wa jicho kimyakimya, na sehemu ya nuru inayoondoka nayo hairejeshwi na upasuaji wowote.

Baada ya tukio hilo, wajumbe watatu wa kamati tulikwenda katika kliniki ya macho iliyo jirani nasi hapa Dar es Salaam. Tulitaka kujua ni nani hasa hutibu nini, na amesomea kwa muda gani. Tulipokewa na daktari bingwa, mama wa makamo, naye akatupa saa nzima ya wakati wake. Haya ndiyo tuliyojifunza.

Ngazi za elimu

Si kila avaaye koti jeupe katika kliniki ya macho ni daktari wa upasuaji. Yupo mtaalamu wa optometria, ambaye hupima uwezo wa kuona, huandika miwani, na akiona dalili za maradhi humpeleka mgonjwa kwa daktari. Kazi yake ni kubwa, ila hapasui. Wapo pia wauguzi na matabibu waliofunzwa upasuaji mmoja mahsusi. Katika maeneo yaliyosumbuliwa na vikope, kama vile Kongwa mkoani Dodoma, watu hao wamefunzwa kunyoosha ukingo wa kope zilizojikunja kuelekea ndani, ili zisiendelee kukwaruza kioo cha jicho.

Kisha wapo madaktari wasaidizi waliosomea macho na kufunzwa kuondoa mtoto wa jicho. Mabingwa wakiwa wachache, wilaya nyingi za nchi yetu zimewategemea hao kwa miaka mingi. Tusiwadharau, kwani mkono uliozoea upasuaji huo kila wiki huwa mwepesi. Jambo la kukumbuka ni kwamba elimu yao ina mpaka, na aliye mwaminifu miongoni mwao huujua mpaka huo na kumpeleka mgonjwa mbele panapostahili.

Juu yao ni daktari bingwa wa macho. Kwanza husoma shahada ya udaktari kwa miaka 5, akafuatisha mwaka 1 wa utarajali hospitalini. Ndipo huingia shahada ya uzamili ya tiba ya macho, miaka 3 au 4, katika vyuo kama Muhimbili au kile cha KCMC mjini Moshi. Humo huanza kwa kushona na kukata macho ya bandia na ya wanyama chini ya hadubini, kisha husaidia, kisha hufanya sehemu ya upasuaji huku mwalimu wake akiwa pembeni, hadi aruhusiwe kuufanya wote. Tangu mwaka 2012 kipo pia chuo cha madaktari wa macho wa Afrika Mashariki, Kati na Kusini, kijulikanacho kwa kifupi COECSA, ambacho huwaunganisha madaktari wa kanda hii katika mafunzo na mitihani ya ubingwa.

Ngazi ya mwisho ni ubingwa bobezi. Daktari aliyekwisha kuwa bingwa huongeza mwaka mmoja au miwili akisomea sehemu moja tu ya jicho, aghalabu nje ya nchi. Mtu huyu amepita miaka 10 au zaidi darasani na wodini. Na bado ataungama, kama alivyoungama mwenyeji wetu, kwamba zipo sehemu za jicho ambazo akiletewa mgonjwa wake atamkabidhi kwa mwenzake.

Kila bingwa na mlango wake

Upasuaji unaojulikana zaidi ni wa mtoto wa jicho, yaani ukungu unaoingia katika lenzi ya jicho. Ndiyo sababu kuu ya upofu duniani, na habari njema ni kwamba upofu wake hutibika. Njia iliyoenea zaidi kwetu ni ya mkato mdogo wa milimita 6 hadi 7, uliochongwa kwa namna ya kujifunga wenyewe bila ya uzi. Njia nyingine huivunja lenzi kwa mawimbi ya sauti kupitia tundu lisilofika milimita 3. Katika njia zote mbili lenzi ya bandia huwekwa ndani, baada ya jicho kupimwa ili ipatikane yenye nguvu inayolifaa. Kwa kawaida mgonjwa mtu mzima huwa macho, jicho likiwa limetiwa ganzi.

Elimu hii ina nasaba ndefu. Yapata miaka 1,000 iliyopita, tabibu Ammar bin Ali al-Mawsili, aliyefanya kazi mjini Cairo, alieleza namna ya kufyonza mtoto wa jicho kwa sindano yenye uwazi ndani. Lenzi ya bandia ilingoja hadi mwaka 1949, ilipowekwa kwa mara ya kwanza mjini London na daktari Harold Ridley.

Presha ya macho ni mlango mwingine kabisa. Bingwa wake hutumia matone, miale ya leza, au upasuaji wa kuyafungulia njia maji yaliyomo ndani ya jicho. Tiba hizo zote hulinda nuru iliyobaki tu. Mara nyingi mgonjwa haoni maumivu, wala hagundui upungufu hadi mengi yameshapotea, kwa sababu maradhi huanza kula pembeni mwa uoni. Nayo hupita katika damu, hivyo akipatikana mmoja, ndugu na wanawe wapimwe.

Bingwa wa retina hushughulikia ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea picha. Wateja wake wengi ni wenye kisukari. Kila mwenye kisukari anapaswa kuchunguzwa nyuma ya macho walau mara moja kwa mwaka, hata kama anaona vyema, kwa kuwa leza na sindano hufaa zaidi zikiwahi. Yupo pia wa kioo cha jicho, atibuye vidonda na makovu, ambayo baadhi yake huletwa na dawa za kienyeji zinazotiwa jichoni. Yupo wa kope na mirija ya machozi. Na yupo bingwa wa macho ya watoto.

Kwa huyu wa mwisho tunawaomba akina mama na akina baba wasimame kidogo. Mboni ya mtoto ikionekana nyeupe, ana kwa ana au katika picha ya simu, asingojewe akue. Weupe huo waweza kuwa mtoto wa jicho, na waweza kuwa saratani ya jicho, inayohatarisha uhai wake. Hata pale ambapo si saratani, ubongo wa mtoto hujifunza kuona katika miaka ya mwanzo. Jicho lililozibwa miaka hiyo huenda lisione vyema hata likifunguliwa baadaye. Makengeza nayo yachunguzwe mapema kwa sababu hiyo hiyo.

Haki ya kuuliza

Mzee wetu wa kwanza, yule anayesoma leo, alikuwa ameikataa meza ya upasuaji kwa miaka minne. Jirani yake aliwahi kuharibiwa jicho na mtu aliyekuwa akizunguka na mkoba, ambaye hakuna aliyejua alisomea wapi. Tulipompeleka kwa yule daktari bingwa, alipokea "shikamoo" yake, kisha akamwuliza bila ya kuzunguka, "Mwanangu, umeshapasua macho mangapi?" Sisi tuliona haya. Daktari hakuona haya wala hakukasirika. Akamtajia, akamweleza pia nini huweza kwenda kombo, na angefanya nini kikienda kombo. Mzee akasema, "Sasa nimekujua. Niandikie siku."

Maswali kama yake ni haki ya kila mgonjwa. Maradhi yangu yanaitwaje? Atakayenipasua ni nani, na elimu yake ni ipi? Ameshaufanya upasuaji huu mara nyingi? Likitokea tatizo, nitapelekwa wapi? Daktari awe amesajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika, na mpimaji wa miwani na Baraza la Optometria. Baada ya upasuaji, mgonjwa aulize pia kuhusu maji na kuinama, kisha amwendee imamu wake na majibu hayo. Ruhusa ya mgonjwa katika udhu na sijda inajulikana, na hakuna haja ya kuhatarisha jonda bichi.

Daftari la kamati yetu limebadilika. Hatuandiki tena mtu kwa ajili ya kambi yoyote kabla hajapimwa na kuambiwa maradhi yake kwa jina. Watoto watatu wa mzee wetu wa pili wamepimwa. Mmoja amekutwa na presha ya macho ikiwa bado changa, naye ameanza matone.

Tulikwenda kwa mzee kumwomba radhi. Alitusikiliza hadi mwisho, akasema, "Nimewasamehe. Lakini liandikeni, asije mwingine akangojeshwa." Tumeliandika. Mwenyezi Mungu amhifadhie nuru iliyobaki, na azihifadhi zetu na za watoto wetu. Amin.