Gundi ya Kipindupindu: Protini Zinazowashika Bakteria Ukutani mwa Dumu

Mvua za El Niño zilipofurisha mifereji ya Kampala mwishoni mwa 1997, kipindupindu kiliingia katika mitaa ya mabondeni, na kufikia Machi 1998 jiji lilikuwa limehesabu wagonjwa zaidi ya 6,000. Katika mitaa kama Bwaise, maji ya ardhini yako karibu mno na uso wa ardhi. Mvua ikizidi, mashimo ya vyoo hufurika, na uchafu hufika kwenye chemchemi ambako watu huteka maji. Ushauri wa afya haujabadilika tangu wakati huo: chemsha maji, au tia klorini.

Ushauri huo ni sahihi, ila unasahau ukuta wa ndani wa dumu.

Bakteria wa kipindupindu, Vibrio cholerae, akielea peke yake majini huuawa na klorini kidogo tu. Akigusa plastiki, au gamba la mdudu mdogo wa ziwani, mambo hubadilika. Huacha kuogelea, huanza kugawanyika, na kizazi chake hukaa pamoja ndani ya utando wenye utelezi uitwao biofilimu. Sehemu kubwa ya utando huo ni minyororo mirefu ya sukari. Lakini sukari peke yake haishiki. Kinachoufanya utando ushikamane ni protini tatu: RbmA, Bap1 na RbmC.

Mwaka 2012, katika jarida la Science, Veysel Berk, Fitnat Yildiz na wenzao walieleza jinsi walivyofuatilia utando huo ukijengwa, kila protini ikiwa na rangi yake inayong'aa chini ya darubini. RbmA ilishikanisha bakteria mmoja na mwenzake. Bap1 iliwatia nanga kwenye uso walipotua. RbmC, ikisaidiana na Bap1 na sukari, ilifunika makundi ya bakteria kwa nje.

Kazi hizo zinatokana na maumbo. Wanasayansi huyabaini kwa kugandisha protini kuwa fuwele, kuipiga kwa eksirei, kisha kukokotoa kila atomu imekaa wapi. RbmA hukaa mbilimbili, na kila moja ina mikunjo miwili ya aina ileile iliyomo katika fibronektini, protini inayosaidia kushikanisha tishu za mwili wa binadamu. Bap1 ina umbo la pangaboi lenye mapanga manane, kila panga likiwa limefumwa kwa nyuzi za asidi amino zilizolala ubavu kwa ubavu. Pembeni mwa pangaboi hilo kuna sehemu nyingine, na humo umechomoza ukanda wa asidi amino 57. Mwaka 2023 kundi la Jing Yan na Rich Olson, nchini Marekani, lilionyesha kwamba ukanda huo hunata kwenye nyuso za aina nyingi. RbmC haina ukanda huo. Badala yake ina sehemu mbili zinazoingiana barabara na sukari zilizo juu ya seli za utumbo. Kwa hiyo bakteria huyu ana gundi ya kushika vitu vya nje na gundi ya kushika matumbo yetu.

Ndani ya utando, klorini hupungukiwa nguvu, kwa sababu humalizika ikipambana na tabaka la juu kabla haijafika chini. Mwaka 1999 Yildiz na Gary Schoolnik walionyesha kwamba Vibrio cholerae wanaotoa sukari hiyo kwa wingi hustahimili klorini, na wakinyimwa uwezo wa kuitengeneza, ustahimilivu huo hupotea. Mwaka 2002 watafiti wa Afrika Kusini walikuta bakteria wa kinyesi wakiendelea kuishi kwenye kuta za vyombo vya maji vya nyumbani, na plastiki iliwahifadhi zaidi kuliko bati.

Shirika la Afya Duniani linataka maji yabaki na angalau miligramu 0.5 za klorini kwa lita baada ya dakika 30. Dumu lenye utelezi hula akiba hiyo. Mdomo wake mwembamba una faida, maana huzuia mikono na vikombe visiingie, lakini huzuia na brashi pia. Kwa hiyo gundi hii ing'olewe kwa msuguano: tia kokoto safi, maji na sabuni, tikisa kwa nguvu mpaka kuta ziache kuteleza, suuza, ndipo uteke maji na kutia dawa.

Kazi hiyo isiachiwe kina mama na watoto wanaobeba madumu peke yao. Vyoo visivyofurika na maji ya bomba yanayofika hadi mabondeni ni wajibu wa jiji na wa serikali. Lakini kila vidonge vya klorini vinapogawiwa Kampala, somo la kusugua dumu liende navyo, kwa sababu dawa haiwezi kumuua bakteria isiyemfikia.