UBANI NA BENZINI: TAHADHARI KUHUSU ASILI YA MANENO

Mwalimu mwenzangu, nawe mtahiniwa, huenda umewahi kusikia ikidaiwa kwamba neno "benzini", linalotumiwa katika lugha kadhaa kwa maana ya petroli, limetokana na jina la Karl Benz, Mjerumani aliyeunda gari la awali. Dai hili linavutia. Sauti zinafanana, na gari halitengani na mafuta yake. Isitoshe, "dizeli" kweli imetokana na jina la mtu, Rudolf Diesel. Hata hivyo, dai kuhusu Benz si sahihi.

Kwanza, tuzingatie tarehe. Benz alizaliwa mwaka wa 1844, na gari lake likapewa hataza mwaka wa 1886. Neno Benzin lilibuniwa na mwanakemia Eilhard Mitscherlich mwaka wa 1833. Benz hakuwa amezaliwa!

Pili, tufuate njia ya neno lenyewe. Waarabu waliita utomvu fulani wenye harufu nzuri kutoka Sumatra "luban jawi", yaani ubani wa Jawa. Wazungu wa kusini waliponunua utomvu huo, walidhani silabi ya kwanza, "lu", ni kibainishi cha lugha zao, wakaidondosha. Yakabaki maumbo kama "benjui" na hatimaye "benzoin". Asidi iliyopatikana katika utomvu huo ikaitwa kwa jina hilo, na Mitscherlich alipoitumia kupata kiowevu kipya, akakiita Benzin.

Tatu, tuchunguze maana. Kiowevu cha Mitscherlich hakikuwa mafuta ya gari. Baadaye Wajerumani walikiita Benzol, na jina Benzin likahamia kwenye kiowevu chepesi kinachotokana na mafuta ya ardhini. Leo Mjerumani, Mrusi na Mturuki husema "benzin", Mwitaliano "benzina", na Mwarabu "banzin". Kwa Mwarabu, neno limerudi nyumbani likiwa na sura na maana ngeni.

Kiswahili kilifuata njia nyingine. "Petroli" tumeitohoa kutoka Kiingereza, na shina lake ni maneno ya Kilatini yenye maana ya mwamba na mafuta. Lakini lile "luban" la Kiarabu tunalo pia: ndilo "ubani" wetu. Basi ubani na benzini ni ndugu, ingawa sikio halitambui undugu huo, ilhali Benz na benzini husikika kama ndugu na hawana uhusiano wowote.

Kosa la kukata neno mahali pasipofaa lina kinyume chake hapa Afrika Mashariki. Mnyarwanda huita petroli "lisansi", kutoka Kifaransa "l'essence". Wazungu walidondosha sehemu ya neno wakidhani ni kibainishi; Wanyarwanda walihifadhi kibainishi kama sehemu ya neno. Mifano hii miwili itakufaa darasani unapofundisha utohozi.

Kwa hivyo, ukitakiwa kueleza asili ya neno, usitegemee mfanano wa sauti pekee. Jiulize: neno lilianza kutumiwa lini? Lilipitia lugha zipi? Maana yake ilibadilika vipi? Asiyejiuliza maswali haya huwapa wanafunzi hadithi tamu mahali pa maelezo, nao huiandika katika mtihani kwa imani kamili.