Mfumo wa kwanza kuamka usichaguliwe na kimya

Wahenga walinena kwamba fahali wawili hawakai zizi moja. Lau wangaliishi hadi zama zetu, wangalistaajabu kuona tarakilishi moja, yenye diski moja, ikiwa makao ya mifumo miwili ya uendeshaji, Windows upande huu na Linux upande ule, na zizi likabaki zima. Siri ya amani hiyo ni nyepesi: fahali hao hawawi macho kwa wakati mmoja. Mmoja akiamka, mwenzake hulala. Swali linalobaki ni moja tu, nalo ndilo kiini cha makala haya. Mtumiaji asiposema lolote, ni yupi anayeamka?

Yamkini msomaji atadhani kwamba swali hili ni la mafundi. Mimi naamini ni la walimu, na limewafikia walimu wa Meru na Embu kama lilivyowafikia wenzao kote nchini. Tarehe 14 Oktoba 2025, kampuni ya Microsoft ilikoma kutoa masahihisho ya kawaida ya usalama kwa mfumo wa Windows 10, isipokuwa kwa waliojiandikisha kupata nyongeza ya muda. Mfumo uliofuata, Windows 11, una masharti magumu: hudai kichakataji cha miaka ya karibuni na kijisehemu maalumu cha usalama ambacho mashine nyingi kuukuu hazina. Shule iliyopata tarakilishi zake kama msaada, zikiwa zimekwisha kutumika afisini kwa miaka mingi, imejikuta njia panda. Ama izitupe mashine zilizo hai bado, ama iendelee kuzitumia bila kinga huku flashi zikipita mkono hadi mkono, ama ikaribishe mfumo wa Linux, usiodai ada ya leseni na unaoweza kutumika katika mashine nyingi zilizokataliwa na Windows 11.

Wanaoifuata njia hii ya tatu aghalabu hawaifuti Windows. Huziweka zote mbili, kwa kuwa zipo kazi ambazo wangali wanazifanya kwa programu walizozizoea. Uamuzi huo una busara. Kosa hutokea baadaye, pale ambapo hakuna aliyeulizwa ni mfumo upi utangulie.

Hebu tutazame jinsi mambo yanavyokwenda. Fundi akiweka Linux katika mashine iliyokuwa na Windows, huingia pamoja nayo programu ndogo iitwayo GRUB, ambayo kazi yake ni ya bawabu. Tarakilishi ikiwashwa, bawabu huyo huonyesha orodha ya mifumo iliyomo, husubiri sekunde chache, kisha hufungua mlango wa jina la kwanza katika orodha. Jina hilo la kwanza kwa kawaida ni la Linux. Mambo hugeuka fundi mwingine akija mwaka ujao na kuiweka Windows upya. Windows hurudi kushika mlango, na mwanafunzi haioni tena ile orodha. Linux ingalimo diskini na kazi zake zote, ila hakuna anayeifikia. Kwa maneno mengine, wa mwisho kuingia huwa wa kwanza kuamka. Hakuna kikao cha walimu kilichoamua hivyo. Ni ratiba ya fundi iliyoamua.

Kiswahili kimepata neno zuri la jambo hili: chaguo-msingi, yaani chaguo linalofanya kazi pale ambapo hakuna aliyechagua. Katika isimu tunayo dhana iliyo jirani yake, iliyojengwa na wataalamu Nikolai Trubetzkoy na Roman Jakobson katika miaka ya 1930. Walionyesha kwamba katika jozi ya maumbo, mara nyingi moja huwa halina alama, nalo ndilo msikilizaji hulidhania pasipo kuambiwa. Chukua mfano wa kila siku. Tukitaka kujua kimo cha mtu, huuliza ana urefu gani. Hatuulizi ana ufupi gani, hata akiwa mfupi. Urefu ndio wa kuanzia, na ufupi hungoja kutajwa kwa makusudi.

Jambo hilo hilo huonekana sokoni. Mchuuzi wa soko la Gakoromone mjini Meru aweza kuwa na Kimeru, Kiswahili na Kiingereza kinywani mwake. Mnunuzi asiyemjua akisimama mbele ya bidhaa zake, ipo lugha moja itakayomtoka mwanzo. Akisema "Muga", mazungumzo yameanza kwa Kimeru, na mgeni aliyevuka mto Thuci akitokea Embu itambidi ama afuate, ama aombe kwa adabu wahamie Kiswahili. Mlango wa kuhama upo wazi, lakini kuhama ni kazi, na watu wengi hawaifanyi kazi ambayo hawakulazimishwa kuifanya.

Tazama pia Katiba yetu ya 2010. Kifungu cha 7 kimetaja Kiswahili na Kiingereza kuwa lugha rasmi za Kenya, zote mbili. Lakini fomu ngapi za afisini, na barua ngapi za shuleni kwa wazazi, huandikwa kwanza kwa Kiswahili? Sheria imeziweka lugha mbili, mazoea yakaamsha moja. Wala si lazima awepo mtu aliyekipinga Kiswahili. Yatosha kwamba hakuna aliyebadilisha chaguo-msingi.

Sasa turudi maabara. Mwanafunzi mgeni aliyetoka shule ya msingi ambako aliigusa tarakilishi mara chache huketi mbele ya mashine. Orodha ya mifumo miwili inatokea kwenye skrini, kwa maandishi meupe yasiyo na picha, tena kwa Kiingereza. Kabla hajamaliza kusoma mstari wa pili, sekunde kumi zimekwisha na mashine imejiamulia. Kesho itakuwa vivyo hivyo, na kesho kutwa. Muhula ukiisha, mwanafunzi huyo atakuwa ameujua mfumo mmoja na kuuogopa mwingine, nasi tutasema ndivyo anavyopenda. Umeme ukikatika na kurudi, nazo mashine zikajiwasha zenyewe bila mtu, ni mfumo ule ule utakaoamka. Chaguo-msingi hufundisha hata mwalimu akiwa hayupo, na kwa sababu hiyo halifai kuachwa likawa la bahati nasibu.

Je, utangulie upi? Nitatoa maoni yangu bila kuzunguka. Katika mashine ambazo Windows yake haipati tena masahihisho ya usalama, Linux ndiyo ianze, na Windows iwe ya kuitwa kwa makusudi. Sababu ya kwanza ni usalama. Mashine inayotumiwa na makumi ya wanafunzi, na inayounganishwa na intaneti, haipaswi kuamkia mfumo ambao mianya yake haizibwi tena. Sababu ya pili ni kwamba mwenye haja mahususi na Windows huwa anaijua haja yake, naye aweza kubonyeza kitufe. Asiyejua lolote ndiye anayehitaji kulindwa na kile kinachoamka chenyewe. Chaguo-msingi ni la mnyonge wa darasa, hodari hujichagulia.

Wapo walimu watakaonipinga, na hoja yao ina uzito. Watasema kwamba kijana akihitimu, kazi ataitafuta katika afisi za kaunti, katika benki na katika vibanda vya saiba, na huko atakuta Windows na programu ya Word. Watauliza pia juu ya mtihani. Somo la Tarakilishi katika KCSE lina karatasi ya vitendo, ambamo mtahiniwa huandaa mambo kama hifadhidata na majedwali ya hesabu huku saa ikikimbia. Mtoto aliyezoea menyu hizi na akatahiniwa kwa menyu zile amedhulumiwa.

Hoja hiyo naikubali, ila haipindui hukumu yangu. Inairekebisha tu. Mshika mawili moja humponyoka endapo atayashika bila mpango. Mashine za watahiniwa na ziamkie mfumo ule ule watakaofanyia mtihani, na ziwekwe hivyo tangu mwanzo wa mwaka, wala si usiku wa kuamkia karatasi. Zikiwa ni mashine za Windows isiyopata tena kinga, basi zitengwe na intaneti, na flashi ngeni zisiziguse. Mashine za madarasa ya chini ziamkie Linux, na mara moja kwa juma mwalimu awaelekeze wanafunzi kuuamsha mfumo wa pili kwa hiari yao. Programu ya LibreOffice iliyomo katika Linux hufungua na kuhifadhi faili za Word, ingawa mpangilio wa ukurasa huweza kuteguka kidogo. Mwanafunzi aliyeiona tofauti hiyo kwa macho yake amejifunza jambo ambalo aliyefungiwa katika mfumo mmoja hatalijua: kwamba maandishi ni kitu kimoja na chombo cha kuandikia ni kitu kingine.

Kuhusu utekelezaji, kazi si ngumu. Mpangilio wa GRUB hukaa katika faili liitwalo /etc/default/grub. Mstari wa GRUB_DEFAULT hutaja mfumo wa kuanza, na mstari wa GRUB_TIMEOUT hutaja sekunde za kusubiri. Ukishabadilisha, katika Ubuntu na jamaa zake, toa amri ya update-grub ili mabadiliko yashike. Kuna mitego mitatu ya kuepuka. Kwanza, GRUB huanza kuhesabu kwa sifuri, kwa hivyo mfumo wa tatu katika orodha ni namba 2. Pili, orodha yenyewe huweza kubadilika mfumo ukisasishwa, namba ikaangukia jina jingine. Ni salama zaidi kuandika jina kamili la mfumo. Tatu, ipo njia ya kuiambia mashine ikumbuke chaguo la mwisho. Njia hiyo yafaa kwa tarakilishi ya mtu binafsi, lakini katika maabara humaanisha kwamba aliyeondoka saa nne humwamulia anayeingia saa tano. Sekunde nazo ziwe nyingi kuliko kumi. Thelathini zatosha kwa msomaji wa polepole, na hazimuudhi mwenye haraka, maana yeye hubonyeza kitufe na kupita.

Fauka ya hayo, mifumo hii miwili hutofautiana katika kuisoma saa ya mashine. Windows huichukulia saa hiyo kuwa ya mahali ulipo, na Linux kwa kawaida huichukulia kuwa saa ya dunia. Kwa Kenya tofauti ni saa 3. Ukitoka Linux ukaingia Windows, waweza kukuta saa imerudi nyuma kwa kiasi hicho, na faili la mwanafunzi likaonekana limeandikwa kabla ya kipindi kuanza. Kabla ya kumshuku mtoto, rekebisha saa: amri ya timedatectl huweza kuielekeza Linux ifuate desturi ya mwenzake.

Limebaki chaguo-msingi la pili ambalo sisi walimu wa lugha hatuwezi kulinyamazia, nalo ni lugha ya skrini. Desemba 2004, mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu za kazi za afisini zilizotafsiriwa kwa Kiswahili. LibreOffice, iliyotokana na OpenOffice, inaweza kuwekwa kwa Kiswahili, na Windows nayo ina kifurushi chake cha Kiswahili. Mwaka huo huo wa 2004 ndipo ulipotoka mfumo wa Ubuntu, ambao jina lake limetokana na lugha za Kinguni za Afrika Kusini na ni ndugu wa neno letu utu. Mmeru anayesema muntu na Muembu anayesema mundu hawahitaji kamusi kulielewa. Hata hivyo, miaka zaidi ya ishirini baadaye, maabara zetu zingali zinaamkia Kiingereza. Tafsiri hizo zina mapungufu, ndiyo. Istilahi nyingine ni nzito, na baadhi ya menyu zimetafsiriwa nusu. Lakini istilahi isiyotumiwa haitanyooka kamwe. Tungetenga angalau mashine chache ziamkie Kiswahili, wanafunzi wetu wangetueleza wenyewe ni maneno yapi yanayopwaya.

Mwalimu mwenzangu, kabla muhula huu haujaisha, ingia maabara, zima mashine moja, kisha iwashe na usiguse kitu. Tazama kinachoamka. Jiulize ni nani aliyekichagua, na kama kinamfaa yule mwanafunzi atakayeketi hapo peke yake. Ukikuta kwamba hakuna aliyechagua, itisha kikao kifupi cha idara, amueni, mwandike uamuzi huo ukutani. Nanyi wanafunzi, orodha ile ikitokea, msiiache ipite. Isomeni, mwulize maana yake, na siku moja mshuke kwa mshale hadi jina la pili mkaone kilichomo.