Harusi ya ugenini: maneno ya kadi ya mwaliko

Ugenini ni mahali ambapo mtu ni mgeni. Neno hili limezoeleka zaidi katika habari za kandanda, lakini linafaa pia kwa harusi inayofanyika mbali na kwao wanaooana. Kadi ya harusi ya namna hiyo hutumia kauli zilezile za siku zote, ila kosa ambalo jirani angelisamehe humpoteza mgeni wa safari.

Kauli yenyewe ni hii: "Familia ya Bwana na Bibi Fulani wa Lukole inayo furaha kukualika… kwenye sherehe ya ndoa ya binti yao." Kitenzi hufuata neno familia, kwa hiyo ni inayo, si wanayo. Kukualika humhusu mtu mmoja. Mume na mke wakialikwa pamoja, huandikwa kuwaalika.

Neno dogo wa ndilo lenye uzito. Lukole, wilayani Ngara, ilikuwa kambi ya wakimbizi kutoka Burundi katika miaka ya 1990 na 2000. Wazazi waliokimbilia hapo wakiandikwa "wa Lukole", msomaji huwadhania kuwa wenyeji. "Waishio Lukole" hutaja makazi tu, na asili yao haiguswi. Vivyo hivyo "nyumbani kwa wazazi": kwa jamaa aliyebaki Burundi, nyumbani ni kilima walikotoka, wala si kambini. Afadhali mahali pa sherehe patajwe kwa jina.

Neno marehemu nalo linataka uangalifu, hasa kwa familia zilizopitia vita. "Familia ya marehemu Bwana na Bibi Fulani" humzika mke aliye hai pamoja na mumewe. Jina la aliye hai na litangulie: "Familia ya Bibi Fulani na marehemu Bwana Fulani." Hili ni kosa ambalo mjane hulisoma mwenyewe, mbele ya watu.

Kisha kuna saa. Burundi na Rwanda ziko nyuma ya Tanzania kwa saa moja. Mgeni anayevuka mpaka Kabanga akitokea Burundi, au Rusumo akitokea Rwanda, akifuata saa yake ya mkononi atafika saa 9 kwenye ndoa iliyoandikwa saa 8 mchana. Maneno "kwa saa za Tanzania" yanatosha kumwokoa. Mfasiri anayewaandalia kadi hiyohiyo wageni wa Ayalandi ana mtego mwingine: saa 8 mchana kwao ni 14:00, na tarakimu 8 ikibaki ilivyo watafika asubuhi, viti vikiwa bado havijapangwa. Na iwapo ukumbi utapambwa kwa kijani kwa heshima yao, isiandikwe "harusi ya Kiayalandi", kwani kauli hiyo huahidi ndoa inayofuata desturi za huko. "Harusi yenye mapambo ya Kiayalandi" hueleza kilichopo.