Gharama ya Kusubiri Kichakataji Kipya

Kila mwaka kampuni zinazounda vichakataji hutangaza kizazi kipya ambacho mashine zake hazifiki madukani kwa wingi mpaka miezi kadhaa ipite, na katika kipindi hicho cha katikati mnunuzi wa kompyuta mpakato hulazimika kuamua kama atanunua iliyopo leo au atasubiri ijayo. Kichakataji, ambacho wauzaji wengi hukiita prosesa, ni chipu inayotekeleza maagizo ya programu, na kizazi ni kundi la vichakataji vilivyotoka pamoja chini ya muundo mmoja, au angalau chini ya jina moja la kibiashara, mambo mawili ambayo hayafanani sikuzote. Uamuzi huo huzungumzwa zaidi kana kwamba unahusu kasi peke yake. Upotofu huanzia hapo, kwa kuwa kasi ya kompyuta za siku hizi huchakaa polepole sana, ilhali kinachoizeesha mashine ghafla ni mipaka inayowekwa na watengenezaji wa programu kuhusu vichakataji watakavyoendelea kuvihudumia.

Zamani kusubiri kulikuwa na mantiki kubwa. Mwaka 1965 Gordon Moore, ambaye miaka mitatu baadaye alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa kampuni ya Intel, aliandika katika jarida la Electronics kwamba idadi ya vijenzi vinavyoweza kuwekwa katika chipu moja ilikuwa ikiongezeka maradufu kila mwaka, na mwaka 1975 akayarekebisha makadirio yake kuwa kila miaka miwili. Mwaka 1974 Robert Dennard wa IBM na wenzake walikuwa wamekwisha kueleza jambo lililolipa ongezeko hilo thamani yake: transista, yaani swichi ndogo ya umeme ambayo ndiyo msingi wa chipu, ikipunguzwa ukubwa huhitaji pia umeme mdogo zaidi, hivyo transista nyingi zaidi zinaweza kubanwa katika eneo lilelile, na kuendeshwa kwa kasi zaidi, bila chipu kuungua kwa joto. Kwa takriban miongo mitatu mambo hayo mawili yalikwenda sambamba, na aliyenunua mashine miezi michache kabla ya kizazi kipya alikuwa na sababu ya kweli ya kujuta.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Arizona waliipima faida hiyo ya kusubiri mwaka 1999, katika andiko fupi lenye ucheshi kiasi lakini lenye hesabu iliyo sahihi kabisa. Walichukulia kwamba uwezo wa kompyuta huongezeka maradufu kila miezi 18, kisha wakaonyesha kuwa kazi ya ukokotoaji ambayo kwa mashine ya leo ingechukua zaidi ya miezi 26 itakamilika mapema zaidi ikiwa mtafiti atakaa kwanza bila kufanya lolote, anunue mashine bora baadaye, na ndipo aianze. Mpaka huo hupatikana kwa kuigawa miezi 18 kwa logi asilia ya 2, ambayo ni takriban 0.693, na kwa hiyo kadiri maendeleo yanavyopungua mwendo ndivyo mpaka unavyosogea mbali: ikiwa uwezo utachukua miaka mitano kuongezeka maradufu, kazi inayostahili kusubiriwa ni ile ya zaidi ya miaka saba.

Hesabu hiyo inastahili kufikiriwa na kila mnunuzi, kwa sababu inaonyesha bayana ni nani anayenufaika na kasi mpya. Ni mtu ambaye kazi yake husimama ikiisubiri mashine, kama vile mhandisi anayeendesha mifano ya majengo usiku kucha au mhariri wa video ndefu. Mhasibu, mwalimu anayeandaa mitihani, mwanafunzi anayeandika tasnifu na mfasiri wa nyaraka wako katika hali iliyo kinyume kabisa, kwani kwa sehemu kubwa ya siku ni kichakataji kinachowasubiri wao wafikiri, wasome na wabonyeze kitufe kinachofuata. Mwanafunzi anayeahirisha kununua mashine kwa nusu mwaka ili apate kichakataji chenye kasi zaidi kwa asilimia 15 huwa ametoa miezi sita ya kuandika kwa malipo ya sekunde chache ambazo hatazihisi.

Isitoshe, maendeleo yenyewe yamepungua mwendo. Katikati ya miaka ya 2000 kanuni ya Dennard ilifikia ukomo wake, kwa kuwa transista zilizokuwa ndogo mno zilianza kuvujisha umeme hata zikiwa zimezimwa, na joto likapanda. Mwaka 2004 Intel iliachana na mpango wa kutoa kichakataji cha Pentium 4 chenye mwendo wa gigahezi 4, na tasnia nzima ikageukia njia nyingine, ile ya kuweka viini viwili au zaidi katika kichakataji kimoja, yaani sehemu kadhaa zinazoweza kutekeleza maagizo kwa wakati mmoja. Baadaye hata kuzipunguza transista kukawa kazi ngumu. Teknolojia ya Intel ya nanomita 10 ilipaswa kuirithi ile ya nanomita 14 iliyoingia sokoni mwaka 2014. Julai 2015 kampuni ikatangaza kuiahirisha hadi nusu ya pili ya 2017, na bado wanunuzi wa kompyuta mpakato hawakuipata kwa wingi mpaka mwaka 2019. Aliyeanza kuisubiri mwaka 2015 alisubiri miaka minne, na katika muda huo wote kile kilichouzwa kama kizazi kipya kilitengenezwa kwa teknolojia ileile ya zamani iliyoboreshwa hapa na pale.

Ndani ya miaka hiyo ya kusuasua, hata hivyo, ndimo lilimotokea badiliko kubwa kuliko yote kwa mnunuzi wa kawaida, nalo halikutokana na transista mpya. Mwanzoni mwa 2017 kampuni ya AMD ilirejea sokoni kwa nguvu na vichakataji vyake vya Ryzen, vyenye viini vingi kwa bei nafuu, na Agosti mwaka huohuo Intel ikatangaza vichakataji vya kizazi cha nane kwa kompyuta mpakato nyembamba. Kichakataji chake cha i5-7200U cha mwaka uliotangulia kilikuwa na viini viwili. I5-8250U kilikuwa na vinne, kikitumia bajeti ileile ya umeme ya wati 15 na teknolojia ileile ya nanomita 14. Intel yenyewe ilidai ongezeko la uwezo la hadi asilimia 40. Kwa mara ya kwanza katika muda mrefu, aliyesubiri miezi michache alipata mashine iliyokuwa bora kwa namna ambayo angeweza kuihisi.

Faida kubwa zaidi ya kizazi hicho ilikuja kujulikana baada ya miaka minne. Juni 2021 Microsoft ilitangaza mfumo endeshi wa Windows 11, uliotoka Oktoba 5 mwaka huo, na miongoni mwa masharti yake kulikuwa na chipu ya usalama ya toleo la TPM 2.0 pamoja na orodha ya vichakataji vinavyokubalika, ambayo kwa upande wa Intel ilianzia kizazi cha nane na kukiacha nje karibu kizazi chote cha saba. Oktoba 14, 2025 Microsoft ikasitisha masasisho ya kawaida ya usalama ya Windows 10, yaani marekebisho ya bure yanayoziba mianya ambayo wadukuzi huitumia, na kuacha mpango wa nyongeza wa mwaka mmoja kwa watumiaji wa kawaida. Kwa hiyo mashine mbili zilizotoka kiwandani kwa kupishana miezi michache, zilizofanana kwa sura na zilizokaribiana kwa bei, zikatenganishwa na mstari ambao hakuna mnunuzi wa 2017 aliyeweza kuuona.

Mstari huo una uzito wa pekee katika Afrika Mashariki, kwa kuwa sehemu kubwa ya kompyuta mpakato zinazouzwa katika maduka ya Kariakoo jijini Dar es Salaam au Luthuli Avenue jijini Nairobi ni mitumba, yaani mashine zilizotumiwa na ofisi za Ulaya, Marekani na kwingineko, zikaondolewa baada ya miaka kadhaa, zikasafishwa na kuuzwa upya, nyingine zikipitia Dubai. Mnunuzi wa mashine hizo anaposikia habari za kizazi kijacho anasikia habari za mashine ambazo zitamfikia kwa bei yake baada ya miaka mingi. Kinachomhusu leo ni mpaka uliokwisha kuwekwa, na kwa bahati njema mpaka huo husomeka kwenye jina la kichakataji. Katika majina ya Intel yenye tarakimu nne yanayoanza na 2 hadi 9 baada ya kistari, kama i5-8250U, tarakimu hiyo ya kwanza ndiyo kizazi. Katika yale ambayo tarakimu ya kwanza ni 1, kama i5-10210U, ni mbili za kwanza, na herufi ya U huonyesha kwamba kichakataji ni cha kundi linalotumia umeme kidogo.

Wauzaji husisitiza zaidi kile kinachotangulia kistari, na mnunuzi huambiwa kwamba i7 ni bora kuliko i5, jambo lililo kweli kwa kawaida ndani ya kizazi kimoja na linalopotosha baina ya vizazi. Kichakataji cha i7-7500U kina viini viwili tu, hivyo anayekichagua na kukiacha i5-8250U kwa sababu ya hiyo saba huwa amelipia uwezo mdogo zaidi, na juu ya hayo amenunua mashine isiyokubalika rasmi katika Windows 11. Hata jina la modeli halitoshi: ThinkPad T470 ya Lenovo ilitoka na vichakataji vya kizazi cha sita na cha saba, na T480 iliyoifuata ikajulikana kwa kizazi cha nane, lakini baadhi ya T480 ziliuzwa na kizazi cha saba. Inafaa mashine iwashwe dukani, ukurasa wa taarifa za mfumo ufunguliwe, na jina kamili lisomwe kabla ya fedha kutoka mfukoni. Hata kizazi kimoja huweza kubeba mambo mawili, kwani kile cha kumi cha Intel kilichanganya vichakataji vya nanomita 14 na vya nanomita 10 chini ya namba moja.

Kuna nyakati ambapo kusubiri ni busara isiyo na shaka, nazo ni zile ambazo mtengenezaji ametangaza hadharani kwamba anabadili msingi wa mashine zake. Juni 2020 Apple ilieleza kuwa ingeacha vichakataji vya Intel na kutumia vyake yenyewe, na kwamba mashine za kwanza zingetoka kabla ya mwaka kwisha. Novemba zikatoka, zikiwa na chipu ya M1 iliyowashangaza wengi kwa kasi na kwa muda wa betri. Aliyekuwa na mashine inayofanya kazi mwezi Julai mwaka huo hakuwa na sababu ya kununua MacBook Air ya Intel, iliyotoka Machi, na matokeo yake yalionekana mwaka 2025 pale toleo la macOS liitwalo Tahoe lilipotoka bila kuijumuisha Air hiyo, huku ile ya M1 ikiendelea kuhudumiwa. Tangazo la Apple lilikuwa na tarehe, lilihusu muundo wote wa mashine, na lilikuja kutoka kwa kampuni inayotengeneza kichakataji na mfumo endeshi kwa pamoja. Matangazo mengi ya vizazi vipya hayana sifa hizo.

Desemba 2023 Intel ilizindua vichakataji vya Core Ultra vikiwa na kitengo maalumu cha akili unde, na mashine zake zikanadiwa kama kompyuta za enzi mpya. Mei 2024 Microsoft ikaweka sharti la operesheni trilioni 40 kwa sekunde kwa kitengo hicho ili mashine iingie katika kundi la Copilot+ lenye uwezo kamili wa akili unde katika Windows, kiwango ambacho vichakataji hivyo vya miezi mitano tu havikukifikia. Aliyezinunua kwa ajili ya sifa hiyo alipata hasara. Aliyezinunua kwa ajili ya kuandika, kuhesabu na kusafiri nazo hakupoteza chochote.

Kusubiri nako kuna bei, na bei hiyo haihesabiki kwa siku peke yake. Mwishoni mwa 2025 gharama ya chipu za kumbukumbu, yaani ramu, ilipanda kwa kasi kwa sababu kampuni chache zinazozitengeneza ziligeuzia uzalishaji mwingi kwenye vituo vya data vya akili unde, na Desemba mwaka huo Micron ikatangaza kuifunga biashara yake ya Crucial iliyowahudumia wanunuzi wa kawaida. Waliokuwa wamesubiri kichakataji kipya walikuta mashine nzima imepanda bei kwa sababu ya kijenzi kingine. Upande wa pili, anayewahi kununua siku ya kwanza hubeba kasoro za kwanza: Januari 2011, wiki chache baada ya kuzindua kizazi chake cha pili, Intel ilisimamisha usambazaji wa chipu-saidizi iliyoambatana nacho kwa sababu ya hitilafu katika milango ya diski, na ikakadiria gharama ya kurekebisha kuwa dola milioni 700.

Kwa mwenye mashine ya kizazi cha sita au cha saba, hakuna dharura ya kuitupa. Kuiwekea diski ya SSD badala ya ile inayozunguka huleta nafuu ambayo kichakataji kipya hakiwezi kuleta peke yake, na mfumo wa Linux, kama vile Ubuntu au Debian, huendelea kuipatia masasisho ya usalama bila malipo. Ikitunzwa hivyo, mwenyewe anaweza kusubiri kwa utulivu mashine za kizazi cha 11 na cha 12, zilizokwisha kutoka kiwandani na kasoro zake kujulikana, ziendelee kuachiliwa na ofisi za ng'ambo na bei yake kushuka katika maduka ya mitumba, mradi tu ahakikishe kwamba ile atakayoichukua ina ramu ya gigabaiti 16, au nafasi ya kuiongeza, kwani katika mashine nyingi nyembamba za miaka ya karibuni ramu imeunganishwa moja kwa moja na bodi na haiwezi kubadilishwa na fundi wa kawaida.