Je, Wajua? Ukame wa Garissa umeandikwa baharini

Upepo hupeperusha vumbi na nta inayofunika majani kutoka Pembe ya Afrika, na kuvitupa katika Ghuba ya Aden. Huko huzikwa topeni, tabaka juu ya tabaka. Watafiti huzamisha bomba refu, nalo hutoka na tope lililonyooka kama mche wa sabuni. Hidrojeni iliyomo ndani ya nta hueleza kama mvua ilikuwa nyingi au haba. Tope hilo linaonyesha kuwa miaka 5,000 hivi iliyopita, ukanda huu uliokuwa na mvua tele ulikauka ndani ya karne chache tu. Mwaka 2015, mtafiti Jessica Tierney na wenzake walitoa habari nzito kwa mfugaji wa Garissa au Wajir anayengoja mvua za Gu (masika): kasi ya ukavu wa karne ya 20 si ya kawaida katika miaka 2,000, nayo inaandamana na ongezeko la joto duniani.